Kuikubali Hisia na Kuibadili: Uchambuzi wa Tiba ya DBT

Mwenye hasira huambiwa atulie. Mwenye huzuni huambiwa ajikaze, na mwenye wasiwasi huambiwa aache kuwaza sana. Anayetoa ushauri huo kwa kawaida ana nia njema, na ushauri wenyewe si wa uongo, maana kutulia kunafaa. Lakini kwa mtu ambaye hisia humpanda ghafla, kwa nguvu, na hukawia kushuka, maneno hayo ni agizo lisilo na maelekezo. Anajua kwamba anatakiwa atulie. Asichojua ni namna ya kutulia, hasa katika dakika ile ambayo moyo unamwenda mbio, mikono inamtetemeka, na jambo la hatari linamjia kichwani kama njia pekee ya kupata nafuu.

Tiba ya tabia ya kidayalektiki, ambayo wataalamu huiita kwa kifupi DBT, imejengwa kwa ajili ya dakika hiyo. Msimamo wake ni kwamba kuzimudu hisia kali ni stadi. Wengine waliipata utotoni bila kujua kwamba wanafundishwa, wengine hawakuipata. Aliyeikosa hana upungufu wa akili wala wa imani, na anaweza kujifunza hata akiwa mtu mzima. Mbinu zake, ukizitazama moja moja, nyingi ni za kawaida kabisa. Nguvu yake iko katika mpangilio unaohakikisha kwamba mbinu hizo zimezoeleka kabla ya dhoruba, na kwamba mtu anazikumbuka dhoruba inapokuwa imeshaanza.

Ilikotoka

Mwasisi wake ni Marsha Linehan, mwanasaikolojia wa Marekani aliyezaliwa 1943 huko Tulsa, Oklahoma, na aliyefundisha kwa miaka mingi katika Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle. Alijikita kwa wanawake waliokuwa wakijidhuru na kujaribu kujiua mara kwa mara, wagonjwa ambao matabibu wengi waliwakwepa. Alianza na tiba ya tabia kama ilivyokuwa wakati huo: tambua tatizo, litafutie ufumbuzi, badili mwenendo. Wagonjwa wakaona wanalaumiwa. Kila alipowaambia wabadilike, walichosikia ni kwamba makosa yote ni yao, na baadhi walikuja juu au wakaacha kuja. Akageukia upande wa pili, akawa mtu wa kusikiliza na kukubali bila kudai lolote. Huko nako alikwama. Mtu anayeteseka kila siku, akiambiwa tu kwamba anaeleweka, huona kwamba ameachwa palepale alipo.

Linehan aliamua kutochagua upande. Katika DBT tabibu hushika yote mawili katika kikao kimoja, pengine katika sentensi moja: unachohisi kina sababu, na maisha yako hayawezi kuendelea hivi. Kweli mbili zinazovutana, na hakuna inayofuta mwenzake. Ndiyo maana tiba ikaitwa ya kidayalektiki. Upande wa mabadiliko ulitoka katika sayansi ya tabia. Upande wa kukubali aliuchota katika mazoezi ya Zen, ambayo alijifunza pia kwa Willigis Jäger, mtawa wa Kibenedikto wa Ujerumani aliyekuwa mwalimu wa Zen, kisha akayavua sura ya dini ili yamfae mgonjwa wa imani yoyote. Miongozo ya tiba hiyo ilichapishwa 1993.

Mwaka 2011 Linehan alieleza hadharani jambo ambalo wengi hawakulijua. Mwaka 1961, akiwa na miaka 17, alilazwa katika hospitali ya Institute of Living huko Hartford, Connecticut, akakaa humo zaidi ya miaka miwili akijidhuru, na tiba za wakati ule hazikumfaa. Alipochagua kuwahudumia watu waliokuwa wakikataliwa kwingine, alikuwa akiwatafutia kitu ambacho yeye mwenyewe hakupewa.

Kwa nini hisia hufurika

Nadharia iliyo nyuma ya DBT inataja vyanzo viwili vinavyokutana. Cha kwanza ni maumbile. Kuna watu ambao hushtuliwa na jambo dogo, hisia zao hupanda juu kuliko za wengine, na huchukua muda mrefu kurudi chini. Linehan aliwafananisha na mtu aliyeungua vibaya mwili mzima, ambaye hata mguso mwepesi humuumiza.

Chanzo cha pili ni mazingira yanayokanusha hisia. Mtoto anasema anaogopa giza, anajibiwa hakuna cha kuogopa. Analia, anaambiwa anyamaze kabla hajapewa sababu ya kulia. Akiwa wa kiume anakumbushwa kwamba mwanamume halii. Akiwa wa kike anaambiwa anadeka. Si lazima nyumba hiyo iwe ya ukatili. Wazazi wapole waliolea watoto wengine watano bila shida wanaweza kushindwa kumwelewa huyu wa sita ambaye kila kitu kwake ni kikubwa. Bila shaka wapo waliopigwa na kudhalilishwa, na kwao madhara huwa mazito zaidi.

Mambo haya mawili yakikutana, mtoto hujifunza masomo mabaya. Hujifunza kwamba anachohisi hakiaminiki, hivyo huwatazama wengine ili ajue ahisi nini. Hujifunza pia kwamba akisema kwa sauti ya kawaida hasikilizwi, lakini akipasua glasi watu wote wanakuja mbio. Hatimaye huwa mtu mzima anayeyumba kati ya kubana kila kitu na kulipuka. Kujidhuru huingia hapo kwa mantiki yake yenyewe, kwa kuwa humletea mtu nafuu ya muda mfupi, na kinacholeta nafuu hurudiwa. Tabibu wa DBT hulisema hilo waziwazi kabla hajamtaka mgonjwa aache.

Mpango wenye nguzo nne

DBT kamili ina sehemu nne zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni kikao cha mgonjwa na tabibu wake kila wiki. Ya pili ni darasa la kundi, kwa kawaida la saa mbili au zaidi kidogo kwa wiki. Ni darasa kweli: kuna mwalimu, karatasi na kazi za nyumbani zinazokaguliwa wiki inayofuata. Mtaala huchukua takriban wiki 24, na mara nyingi hurudiwa mpaka mwaka utimie.

Sehemu ya tatu ni simu. Kati ya vikao mgonjwa anaruhusiwa kumpigia tabibu wake na kuuliza: hali imeshachafuka, nitumie stadi gani? Mazungumzo ni mafupi na ya vitendo. Kuna kanuni moja inayowashangaza wengi. Mgonjwa anatakiwa apige kabla ya kujidhuru. Akishajidhuru, na kama hayuko katika hatari ya kufa, hapati simu ya kawaida ya tabibu wake kwa saa 24. Lengo ni kukata ule uhusiano wa zamani kati ya kuumia na kusikilizwa. Anayepiga mapema ndiye anayepata msaada mwingi zaidi.

Sehemu ya nne haimhusu mgonjwa moja kwa moja. Matabibu wenyewe hukutana kila wiki kusaidiana, kwa sababu kazi ya kuwahudumia watu walio ukingoni mwa kifo huchosha, na tabibu aliyechoka huanza ama kumlaumu mgonjwa ama kumlegezea kila kitu.

Vikao vina mpangilio wa nini kitangulie. Kwanza ni mambo yanayotishia uhai, pili yanayovuruga tiba yenyewe, kama kukosa kuja au kuja umelewa, kisha yale yanayoharibu maisha kama madeni, pombe na ugomvi wa nyumbani. Ili tabibu ajue aanzie wapi, mgonjwa hujaza kadi kila siku. Huandika hisia zake na ukali wake kwa alama, kuanzia sifuri hadi tano, kama alitamani kujidhuru, kama alijidhuru, na ni stadi gani alijaribu. Kadi hiyo ndiyo inayofungua kikao. Ikiwa Jumatano ina alama ya tano, mazungumzo ya Jumamosi huanzia Jumatano.

Stadi zenyewe

Stadi zimegawanywa katika mafungu manne, na mawili ni ya kukubali, mawili ya kubadilisha.

Umakinifu ndio msingi: kuutazama wakati uliopo jinsi ulivyo bila kuuhukumu. Mtu hujizoeza kusema "nimepata wazo kwamba hawanitaki" badala ya "hawanitaki". Tofauti inaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini humpa mtu sekunde chache za kuamua.

Fungu la pili ni kuvumilia dhiki, yaani kuvuka saa mbaya bila kuiongeza ubaya. Hapa mwili hutangulia akili. Mtu ambaye hisia zimefika kileleni hawezi kufikiri vizuri, kwa hiyo haambiwi afikiri. Huambiwa ajaze beseni maji ya baridi, avute pumzi na kuizuia, kisha atumbukize uso mpaka kwenye mashavu na kukaa hivyo kwa takriban nusu dakika. Mwili una tabia ya kupunguza mapigo ya moyo uso unapozama katika maji baridi, na mapigo yakishuka, jazba nayo hushuka kidogo. Asiye na beseni hubana kitambaa chenye barafu machoni na mashavuni. Mwenye ugonjwa wa moyo hujaribu hilo kwa ushauri wa daktari tu. Njia nyingine ni kukimbia au kuruka mpaka jasho litoke, au kupumua polepole huku pumzi ya kutoka ikiwa ndefu kuliko ya kuingia. Hakuna hata moja inayotatua tatizo lililozusha hisia. Kazi yake ni kumfikisha mtu kwenye saa inayofuata akiwa hajafanya la kujuta.

Ndani ya fungu hilo kuna pia kuukubali ukweli kwa moyo wote: kuacha kupigana na jambo ambalo limeshatokea. Wengi hulichanganya na kuridhia. Mama aliyeachwa anaweza kukubali kwamba ameachwa na bado akaenda mahakamani kudai matunzo ya watoto. Kwa kweli hatakwenda mahakamani mpaka akubali.

Fungu la tatu ni kudhibiti hisia. Mtu hujifunza kuipa hisia jina lake, kukagua kama ukweli wa mambo unaiunga mkono, na ikiwa hauiungi, kutenda kinyume na inavyomsukuma. Hofu husukuma kukimbia, basi asogee. Aibu husukuma kujificha, basi atoke na ainue kichwa. Hasira husukuma kushambulia, basi akae kando kwa upole. Lakini kama ukweli unaiunga mkono, yaani hofu ni ya hatari ya kweli, kinachotakiwa ni kuliondoa tatizo. Hapa pia huingia mambo ambayo bibi yeyote angeyataja: lala vya kutosha, kula kwa wakati, tibu maradhi, punguza pombe. Mwili uliodhoofika hauhimili jazba.

Fungu la mwisho ni mahusiano: namna ya kuomba, kukataa na kubaki na heshima yako. Mwanafunzi hufundishwa kueleza jambo lilivyotokea bila matusi, kusema anavyojisikia, kutaja ombi lake wazi, na kuonyesha mwenzake atafaidika nini. Kisha hulifanyia mazoezi darasani na mwenzake kabla ya kwenda kulisema nyumbani.

Mnyororo

Jinsi vipande hivi vinavyoungana huonekana vizuri katika zoezi la kuchambua mnyororo wa matukio. Tuchukue mfano wa kubuni. Binti wa chuo amejidhuru Jumatano usiku. Katika kikao tabibu hamuulizi kwa nini. Anamwomba amsimulie siku nzima, hatua kwa hatua.

"Tuanzie ulipoamka."

"Sikulala, daktari. Nilikuwa na mtihani. Wala sikula."

"Halafu?"

"Saa kumi alasiri nikamtumia mpenzi wangu ujumbe. Nikaona tiki mbili za bluu. Hakujibu."

"Mwilini ulihisi nini?"

"Hasira tu."

"Ilikuwa wapi hiyo hasira? Kifuani? Tumboni?"

"Hapa kooni. Kama nataka kulia."

"Basi huenda hasira haikuwa ya kwanza kufika."

Mazungumzo yanaendelea hivyo. Kabla ya hasira kulikuwa na hofu ya kuachwa. Hofu ikazaa ujumbe mwingine, na mwingine, hadi ukawa wa matusi. Kijana akamfungia namba. Hofu ikageuka aibu, na aibu ndiyo iliyomfikisha kwenye wembe. Mnyororo ukishaandikwa, tabibu na binti hutafuta pa kuukata. Angekula na kulala, tiki zisingemuuma kiasi kile. Angekagua ukweli, angekumbuka kwamba kijana yuko kazini hadi saa kumi na mbili. Baada ya ujumbe wa pili angeweza kuiacha simu na kwenda kwenye maji baridi. Alipoanza kuwaza wembe angeweza kumpigia tabibu. Pa kukatia ni pengi, na binti ambaye alikuwa akisema "ilinijia tu" anaona kwamba ilikuja kwa hatua, na kila hatua ina stadi yake.

Ushahidi unasemaje

Jaribio la kwanza la Linehan lilichapishwa 1991. Lilihusu wanawake 44 wenye tatizo la haiba ambalo wataalamu huliita la mpakani, lenye sifa ya hisia na mahusiano yanayoyumba. Kwa mwaka mmoja, waliopata DBT walijidhuru mara chache zaidi, walikaa hospitalini siku chache zaidi na waliendelea na tiba zaidi kuliko waliopata huduma za kawaida. Lakini katika huzuni na kukata tamaa makundi hayo mawili hayakutofautiana. Katika hatua yake ya kwanza DBT huzuia maafa. Furaha huja baadaye, kama inakuja.

Wakosoaji walisema pengine kilichosaidia ni kupata tu tabibu anayejali. Jaribio la 2006 liliwapima wanawake 101, na safari hii waliolinganishwa nao walitibiwa na wataalamu waliosifika kwa kuwamudu wagonjwa wagumu. Bado waliopata DBT walikuwa na takriban nusu ya uwezekano wa kujaribu kujiua. Kwa upande mwingine, utafiti wa Toronto uliochapishwa 2009, wenye watu 180, ulilinganisha DBT na huduma nyingine ya afya ya akili iliyopangwa vizuri, na wote wakapata nafuu kwa kiasi kinachokaribiana. Mapitio ya shirika la Cochrane ya 2020, yaliyokusanya majaribio 75 ya tiba za kuzungumza kwa tatizo hilo la haiba, yaliona kwamba DBT ni miongoni mwa tiba zilizochunguzwa zaidi na kwamba husaidia, ingawa manufaa yake ni ya wastani na ubora wa ushahidi mwingi ni wa chini. DBT, basi, ni tiba nzuri. Anayedai kwamba ni ya pekee amevuka ushahidi.

Utafiti wenye mafunzo makubwa zaidi kwa nchi zenye wataalamu wachache ni wa 2015. Linehan na wenzake waliivunja tiba yao wenyewe. Wanawake 99 waligawanywa katika makundi matatu: wa tiba kamili, wa darasa la stadi bila tiba binafsi ya DBT, na wa tiba binafsi bila darasa. Majaribio ya kujiua yalipungua katika makundi yote, lakini kujidhuru kulipungua zaidi pale palipokuwa na darasa. Stadi, kwa maneno mengine, hubeba mzigo mkubwa.

Hilo lingeweza kumshawishi mtu azipeleke stadi kila shule. Watafiti wa Sydney walifanya jaribio la aina hiyo kwa zaidi ya vijana 1,000, wakawafundisha baadhi yao stadi za DBT kwa wiki nane darasani, wenye shida na wasio na shida. Matokeo yaliyochapishwa 2023 yalikwenda kinyume na matarajio: uhusiano wa vijana na wazazi wao ulizorota, na baadhi ya dalili za sonona na wasiwasi zikaongezeka. Waliofanya mazoezi nyumbani walipata matokeo mazuri zaidi, lakini wengi hawakuyafanya. Stadi inayogawiwa kwa asiyeihitaji, bila mazoezi na bila mtu wa kumpigia simu, huweza kumfundisha tu kuyachungulia mashaka yake.

Je, inaweza kufika kwetu?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 720,000 hufa kwa kujiua kila mwaka, na wengi wao wako katika nchi za kipato cha chini na cha kati. DBT kamili, yenye tabibu binafsi, darasa, simu na timu, ni ghali kwa nchi hizo, ambako mwanasaikolojia hupatikana kwa shida nje ya miji mikubwa. Swali ni kipi kibaki na kipi kipunguzwe.

Zimbabwe inatoa fundisho la jirani. Mpango wa Friendship Bench ulioanzishwa na daktari wa akili Dixon Chibanda huwatumia wahudumu wa afya wa mitaani, wengi wao bibi, waliofundishwa kuwasaidia watu kutatua matatizo wakiwa wameketi kwenye benchi nje ya zahanati. Jaribio la Harare lililochapishwa 2016, lenye watu 573, lilionyesha kwamba dalili za sonona na wasiwasi zilipungua. Hiyo si DBT, na wagonjwa hawakuwa wa hatari kiasi kile. Inathibitisha tu kwamba mtu asiye daktari anaweza kufundisha stadi ya kisaikolojia akiwa na mwongozo mzuri na msimamizi. Kwa kuwa darasa ndilo linalobeba mzigo, na darasa moja huhudumia watu kadhaa kwa mara moja, hapo ndipo pa kuanzia kwetu, likiwa na mtaalamu wa kupokea walio katika hatari kubwa.

Lakini darasa halitafaa kitu ikiwa mgonjwa haruhusiwi kusema kweli. Kadi ya kila siku humtaka aandike kwamba alitaka kufa. Nchini Tanzania kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu hulifanya jaribio la kujiua kuwa kosa. Nchini Kenya kosa kama hilo lilikuwa katika kifungu cha 226, hadi Mahakama Kuu ilipotamka Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Pale ambapo kukiri kunaweza kumfikisha mtu polisi, kadi hujazwa uongo, na tiba inayoanzia kwenye kadi huanza kwa uongo.

Kwa familia inayotafuta msaada, jina lililo mlangoni halitoshi. Waulizeni: kuna darasa la stadi au ni mazungumzo tu? Kuna kazi za nyumbani? Mgonjwa akizidiwa usiku afanye nini? Tabibu anasimamiwa na nani? Majibu ya maswali hayo yanasema zaidi kuliko cheti cha ukutani. Na wakati mnamngojea mtaalamu, mnaweza kuanza na kile kilichomkwamua Linehan. Kumwambia mwanenu "naona kwa nini limekuumiza" hakuwanyimi haki ya kumwambia pia "lakini hili tusilirudie". Semeni yote mawili, na la kwanza litangulie.